Chianti kwa baiskeli: hesabu milima kabla ya kilomita

Ukifungua ramani ya Toscana, mkoa wa Italia, katikati ya Florence na Siena, kwenye vilima vya mizabibu vya Chianti, jicho huvutwa kwanza na barabara ya SR222, ile inayoitwa Chiantigiana. Ina lami nzuri, inapita Greve, Panzano na Castellina, na watalii wengi huiona kuwa ndiyo Chianti yenyewe. Mwendesha baiskeli namshauri aivuke tu, asiifuate. Wikendi za majira ya joto hujaa pikipiki na magari ya kukodi, na dereva anayetazama mizabibu hakutazami wewe. Raha ya nchi ile iko pembeni, kwenye barabara za changarawe ambazo Waitaliano huziita strade bianche, barabara nyeupe.

Hizi si njia zilizofungiwa magari. Wenyeji wanazitumia kwenda nyumbani, na trekta hupita kwenda mashambani. Lakini mwenye haraka hana sababu ya kuzipita, kwa hiyo unaweza kwenda mwendo mrefu ukisikia changarawe chini ya tairi na ndege, basi. Na zipo mpaka leo kwa sababu kuna watu walizipigania. Mwaka 1997, huko Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci alianzisha matembezi ya baiskeli yanayoitwa L'Eroica, ya baiskeli za zamani, kwa lengo la kuzinusuru barabara hizi zisifunikwe lami. Mpaka sasa washiriki huja na baiskeli za kabla ya 1987. Kutokana na matembezi hayo kuna njia ya kudumu ya kilomita 209, yenye vibao, inayozunguka kutoka Gaiole kupitia Siena, Montalcino na Asciano, na karibu nusu yake ni changarawe. Huhitaji kujiandikisha popote. Unafuata vibao siku yoyote ya mwaka. Tangu 2007 wanariadha wa kulipwa nao wana mashindano yao hapo, Strade Bianche, yanayomalizikia Piazza del Campo mjini Siena.

Sasa niseme lile ninalomwambia kila anayeniuliza kuhusu Chianti: usipange siku yako kwa kilomita. Panga kwa mita za kupanda. Vijiji vingi vya huko vimekaa juu ya migongo ya vilima, na kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna kijito. Radda iko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Gaiole, jirani yake, iko bondeni. Kila ukitaka kuvuka kutoka mgongo huu kwenda ule, unashuka mpaka majini halafu unaanza kupanda upya. Ile njia ya kilomita 209 ina zaidi ya mita 3,500 za kupanda kwa jumla. Wenye miguu yenye mazoezi huimaliza kwa siku moja, lakini mimi naipendekeza kwa siku tatu au nne, maana mtu aliyechoka hatazami kitu.

Kanuni yangu ni rahisi. Gawa mita za kupanda kwa kilomita za safari. Ukipata chini ya 10, siku yako ni nyepesi. Ukipata 15, utatoka jasho. Ukifika 20 na changarawe ni nyingi, kilomita 50 zinatosha kabisa, hata kama kwenye tambarare umezoea kwenda 100. Programu yoyote ya ramani itakupa namba hizo mbili kabla hujatoka kitandani. Ukiona siku imekuwa nzito, usitafute njia fupi zaidi. Tafuta inayokaa juu ya mgongo wa kilima na kuvuka mabonde machache.

Kwa siku ya kwanza kwenye changarawe ningekupeleka kusini mwa Gaiole, mpaka ngome ya Brolio. Ni ya ukoo wa Ricasoli, na ndipo Bettino Ricasoli alipoandika, mwaka 1872, mchanganyiko wake wa zabibu za Chianti, akiweka Sangiovese mbele ya zote. Hadi leo mvinyo wa Chianti Classico lazima uwe na Sangiovese isiyopungua asilimia 80. Barabara nyeupe inapanda kuelekea ngome kati ya miberoshi, na hapo ndipo utajifunza kupanda kwenye changarawe. Kaa kwenye siti. Ukisimama juu ya pedeli, uzito unahama mbele, gurudumu la nyuma linazunguka bila kushika, na unasimama katikati ya mlima. Sogea kidogo kwenye ncha ya mbele ya siti, inama, kunja viwiko, kanyaga kwa mzunguko wa pole usiokatika. Tafuta mistari miwili iliyoshindiliwa na matairi ya magari. Katikati na pembezoni mawe ni malegevu.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Karibu na kona changarawe hujipanga katika vijituta vidogo vinavyofuatana, na ukivipanda umebana breki gurudumu linarukaruka na breki haisaidii. Punguza mwendo mapema, barabara ikiwa bado imenyooka, kisha achia breki na uiache baiskeli ipite. Upande wa nje wa kona ndiko mawe yanakokusanyika, kwa hiyo usikubali mwendo ukusukume huko. Shika usukani kwa utulivu. Mikono ikikakamaa, kila jiwe linafika mabegani.

Kuhusu baiskeli yenyewe sina mengi. Tairi za milimita 40 zinanitosha. Jaza upepo kiasi kwamba kidole gumba kinabonyea kidogo. Gia ndogo ya mbele isiwe na meno mengi kuliko gia kubwa ya nyuma. Bila hiyo, zile asilimia 15 na zaidi za Colle Pinzuto na Le Tolfe, kaskazini mwa Siena, utazipanda kwa miguu, na hakuna aibu ndani yake.

Hali ya hewa ina jambo moja ambalo ramani haikuonyeshi. Ardhi ya Chianti ni ya mawe: galestro linalomeguka na alberese la chokaa. Maji hayakai, ndiyo maana mizabibu inastawi, na ndiyo maana barabara hukauka upesi mvua ikikatika. Kusini mashariki mwa Siena, kwenye Crete Senesi, mambo yanageuka. Huko ni udongo wa mfinyanzi, mashamba ya ngano badala ya mizabibu, na barabara ya Monte Sante Marie, ambayo imepewa jina la Fabian Cancellara baada ya kushinda Strade Bianche mara tatu. Ikiwa kavu, hakuna barabara ninayoipenda zaidi Toscana. Ikiwa imelowa, tope linajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Mvua ikinyesha usiku, geuza mpango: baki Chianti siku hiyo, Crete isubiri.

Huko Crete pia kuna kondoo, na kondoo wana mbwa weupe wakubwa wa Maremma. Wanalinda mifugo, hawakutafuti wewe. Shuka, weka baiskeli kati yako na wao, tembea polepole bila kuwakazia macho, na ukishalipita kundi, panda uendelee.

Kutoka Buonconvento, kusini mwa Siena, unaweza kupanda kwa changarawe kupitia Castiglion del Bosco mpaka Montalcino, kwenye mita 564, katikati ya mashamba ya zabibu za mvinyo wa Brunello. Mlima ni mrefu na kivuli ni cha vipande vipande, basi anza asubuhi mno. Maji jaza kila unapoyaona. Kijiji kikikosa bomba uwanjani, angalia makaburini. Makaburi ya Italia kwa kawaida yana bomba la kumwagilia maua. Soma kibao kwanza: non potabile maana yake hayanyweki. Maduka madogo hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, kwa hiyo nunua mkate kabla ya saa sita.

Nenda Aprili mpaka mwanzoni mwa Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua la barabara nyeupe linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Septemba ni mavuno. Trekta zenye matela ya zabibu zina haki ya kwanza, simama pembeni uzipishe. Kuanzia Jumapili ya tatu ya mwezi huo uwindaji hufunguliwa, hivyo vaa rangi kali. Sheria ya Italia ya mwaka 1992 inakataza uwindaji siku za Jumanne na Ijumaa, na hizo ndizo siku ninazoziwekea njia za msituni. Mvinyo uache mpaka baiskeli imeshafungwa. Kiwango cha kisheria ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na sheria ya ulevi barabarani inamhusu mwendesha baiskeli pia.

Anayetaka njia ambayo karibu haina magari, au anayesafiri na watoto, aende Sentiero della Bonifica. Ni kilomita 62 hivi kati ya Arezzo na Chiusi, kandokando ya mfereji wa Chiana, tambarare kabisa, huku vilima vya Cortona na Montepulciano vikionekana pande zote mbili. Mimi huiweka kati ya siku mbili za milima ili miguu ipumzike. Treni ya mkoa kutoka Siena hupita Asciano mpaka Chiusi, na kutoka Arezzo kuna treni za kurudi Florence. Chagua safari yenye alama ya baiskeli kwenye ratiba na ukate tiketi ya baiskeli pamoja na ya kwako. Nafasi za kuifungia ni chache, kwa hiyo Jumapili jioni fika kituoni mapema.