"It takes me" au "I use"? Jibu la mtu wa mashua aliyekwama Takwa

Dada wa Malindi, swali lako la jana nimelisoma mara mbili. Unasema una mahojiano ya kazi hotelini, na mwalimu amekukata kwa kalamu nyekundu ulipoandika "I use forty minutes to reach Watamu". Unataka kujua kosa liko wapi, na kama "have time", "need time" na "take time" ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mimi si mwalimu, ni mtu wa mashua hapa Lamu, mwaka wa 17 huu napeleka wageni baharini. Ila makosa ya maneno haya nimeyafanya yote, na mengi nimeyafanya mbele za watu.

Tuanze na la kalamu nyekundu. "Natumia dakika 40 kufika" ni Kiswahili safi kabisa. Mwingereza naye anatumia kijiko, anatumia simu, lakini muda hau-"use" namna hiyo. Safari ndiyo inayomchukua yeye muda. Na hilo sisi tunalo pia, tunasema "inanichukua dakika 40". Hebu livunje neno hilo vipande: i-na-ni-chukua. Ile i- ya mwanzo ndiyo "it", -ni- ndiyo "me", na chukua ndiyo "take". "It takes me forty minutes to get to Watamu." Ilinichukua, "it took me". Itanichukua, "it will take me". Sentensi nzima tulikuwa nayo mdomoni tangu utotoni, tukaiacha tukaenda kuazima "use".

"I took forty minutes" nayo si kosa, utaisikia. Lakini inamwelekea mtu, kama kwamba yeye ndiye aliyejivuta. Ukisema "it took me", lawama inakwenda kwa njia, kwa upepo, kwa injini. Mimi ni nahodha, unajua nachagua ipi.

Sasa "take your time", maana hili ndilo lililoniaibisha zaidi. Takwa, kwa usiyepafika, ni mji uliohamwa katika kisiwa cha Manda. Umebaki msikiti, kuta, na lile kaburi la mnara ambalo watu wa Shela huenda kulizuru na kuomba mvua. Mashua huingia kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na huingia maji yakiwa yamejaa. Yakianza kutoka, una muda mdogo wa kugeuza, la sivyo unakaa juu ya tope mpaka yarudi.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipeleka familia ya watu watano huko. Tulipofika nikawatazama kwa adabu, nikasema: "Take your time, then we go." Kichwani mwangu nilikuwa nimetafsiri neno kwa neno: chukueni muda wenu, yaani ile saa moja mliyopangiwa. Wao wakasikia Kiingereza chao: msiwe na haraka, tulieni, sisi tupo tu. Wakatulia kweli. Mama akakaa chini ya mbuyu akachora picha. Mimi natazama mizizi ya mikoko, naiona inazidi kutoka nje, shina baada ya shina, na sijui nimwambieje mtu niliyemwambia mwenyewe asiharakishe.

Tulikwama. Nilishuka na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, tope likanifika magotini, tukasukuma na baharia wangu, mashua ikakataa. Jua likatua, mbu wakaja. Mtoto mdogo akaniuliza, "How long will it take?" Swali zuri, na jibu lake nilikuwa nalijua kwa hesabu ya maji, ila nilijibu "Soon". Hiyo "soon" ilituchukua mpaka usiku.

Nilichotakiwa kusema ni "You have one hour", basi. Hapo "have" inaweka mpaka, muda ni wenu lakini una mwisho. "Take your time" inaondoa mpaka. Na ujihadhari na ndugu yake, "You took your time!" Hiyo sio upole, ni kejeli ya mtu aliyechoka kukusubiri. Nimewahi kuambiwa hivyo kwenye gati la uwanja wa ndege wa Manda nilipochelewa kupokea wageni, nikajibu "Thank you very much".

Kuhusu "have time", nitakusimulia la zamani zaidi. Nilikuwa kijana, nimesimama gatini mjini natafuta kibarua. Mzungu mmoja akaniuliza, "Do you have the time?" Nikaruka: "Yes! The whole day!" Akagonga kifundo cha mkono wake usio na saa. Hapo nikaelewa, nikachungulia saa ya mwenzangu, nikamjibu kwa fahari, "Four o'clock". Ilikuwa saa nne asubuhi. Maskini akatazama jua, kisha akanitazama mimi.

Hilo la saa nne mahotelini litakukuta pia, basi kumbuka saa zetu na zao zinapishana kwa sita: saa nne yetu ni "ten". Lakini turudi kwenye "the". "Do you have time?" maana yake una nafasi? "Do you have the time?" ikiishia hapo, maana yake ni saa ngapi. Ikifuatwa na kazi, kama "I don't have the time to cook", tumerudi kwenye nafasi. Na hilo neno nafasi lenyewe lina mtego. Vijana wetu wakitaka kusema "sina nafasi leo" husema "I don't have a chance today", na mgeni anasikia mtu aliyekata tamaa. Mahojianoni sema "I don't have time" au "I'm busy". Na usije ukasema "I have no time for the manager" ukidhani unasema hujapata nafasi ya kumwona. Umesema humthamini hata kidogo.

"Need" haina maneno mengi. Muda wa kufikiri ni "time to think", si "time of thinking", na usiweke "a" mbele ya "time" hapo. "I need time to think." Ukitaja kiasi, "I need two days to think." Ila kwa "spend" kitenzi kinachofuata kinabeba -ing: "I spent two days mending the sail."

Jambo ambalo hukuuliza, na ndilo linalotushinda wengi, ni "for" na "in". Kusi likichachamaa mashua naipandisha pwani kukalafati. Unaichukua pamba iliyolowa mafuta, unaisokota, unaiingiza kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, ko-ko-ko siku nzima mpaka kiganja kinakufa ganzi, kisha unapaka sifa, yale mafuta ya samaki, na harufu yake nyumbani hawaizoei hata mkae miaka 20. Mgeni akaniandikia kuuliza kama mashua itakuwa tayari. Nikamjibu, "I will repair the boat for five days." Akauliza: na baada ya hapo nani ataimalizia?

Sisi "kwa siku tano" inatutosha kote kuwili. Wao "for five days" ni muda utakaokuwa kazini, iishe isiishe. "In five days" ni kwamba itakwisha. Na "I'll be back in ten minutes" ni baada ya dakika kumi, si wakati wowote kabla yake. Mgeni akiambiwa hivyo mapokezi ataanza kuhesabu, kwa hiyo kama ni dakika 20 sema 20.

Siku hizi Takwa naenda bado. Nikishusha wageni nawaambia "You have one hour", nawaonyesha mzizi mmoja wa mkoko ambao maji yakifika usawa wake ni lazima tuwe ndani ya mashua. Saa ikifika nasema "It's time we left". Ndiyo, "left", ya jana, ingawa hata hatujaondoka. Wenyewe ndivyo wanavyosema. Huwa naisema pondo likiwa tayari mkononi.