Kamera ya filamu ya marehemu mjomba, bado inafaa?

SWALI: Shikamoo kaka. Mjomba angu alikuwa mpiga picha za sinema, amefariki kaacha kamera nzito imeandikwa Arriflex 16SR. Vijana hapa wanasema chuma chakavu, eti simu inaipita. Mi nataka nirekodi nayo sindimba, inawezekana kweli au najisumbua?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa msiba. Usiiuze, na usimpe fundi simu aifungue. Hiyo ni ya Mjerumani, kampuni ya ARRI ya Munich, ilianza kutoka 1975 na watu wa dokumentari waliipenda sana kwa sababu inakaa begani na haina makelele, unarekodi sauti pembeni mlio wa kamera hauingii. Ndani kuna kioo kinazunguka, filamu ikisogea kinakuletea picha kwenye jicho, ikitulia kinapisha mwanga uingie, hivyo mara 24 kwa sekunde.

Sindimba inapiga, tena vizuri mno! Ukipandisha spidi hadi picha 75 kwa sekunde halafu ukaionyesha kwa 24, viuno vile vitaonekana taratibu kila mtikisiko, simu nyingi hazikupi rangi ile.

Kinachouma ni hela. Magazini, lile kasha la kuwekea filamu, inabeba futi 400 ambazo ni dakika 11 tu, na kwa spidi hiyo ya 75 hata dakika 4 hazifiki. Kodak bado anatengeneza filamu za milimita 16, kwa jua letu la mchana chukua 50D, ila utaagiza nje na ukishapiga unairudisha nje ikasafishwe, na uwanja wa ndege omba waikague kwa mkono isipite kwenye eksirei. Kwa hiyo usiwashe kamera eti kwa vile ngoma imelia. Kaa na wazee wa ngoma kwanza, ujue wachezaji wanaingilia wapi na inapanda saa ngapi, ndo ubonyeze.

Ila kabla ya kununua chochote, mulika lenzi kwa tochi maana unyevu wa bahari huku Mikindani unaleta fangasi, ukiona utando ndani ndo wenyewe. Betri ni volti 12, ya zamani itakuwa imekufa, tafuta fundi wa umeme anayejua asigeuze chanya na hasi. Iendeshe bila filamu usikilize, ikikwaruza zima hapohapo. Na geti pale filamu inapopita safisha kwa kijiti cha mbao, sio chuma, chembe moja ya mchanga inachora mstari filamu nzima.

Niandikie lenzi imeandikwaje na kama mjomba kaacha lile begi jeusi la kupakilia filamu gizani, bila hilo hatuanzi.