Shangazi, mume kanituma nikamwambie baba mkwe duka linauzwa

Mwanangu wa Tanga uliyeolewa Morisi, barua yako nimeisoma mara mbili. Kwa wasomaji wengine: mume wake ni Mchina wa hukohuko, babu yake alikuwa Mhakka, yani jamii mojawapo ya Wachina, aliyetoka Meixian kule Guangdong kusini mwa China akafungua duka kijijini kwenye mashamba ya miwa. Baba mkwe ana miaka 81 na bado anafungua kila asubuhi. Mume anafanya kazi mjini, anataka kuuza duka na kiwanja, kamtuma mke akaseme "maana mzee anakupenda". Alafu kabatini kuna madaftari ya madeni ya zamani, mume anasema choma.

Usiende. Yani hata usianze kupanga maneno. Mzee akikasirika we ndo utakuwa mgeni uliyekuja kuuza nyumba ya watu, na mumeo atakaa kimya pembeni. Alafu nikuulize, anauza kiwanja cha nani? Mwenye mali yupo hai, na huko mauzo ya ardhi yanapita kwa notari, yule mwanasheria wa kuandika na kuthibitisha hati, kama hati ina jina la mzee basi bila sahihi yake hakuna kitu.

Ila kabla hujamnunia mumeo elewa maduka yale yalikuwaje. Sisi huku tunamjua Mangi na daftari lake la kukopesha, sasa kule ilikuwa kubwa zaidi, mvunaji wa miwa alikuwa na hela ya maana kuanzia kama mwezi wa 6 hadi wa 12, miezi mingine anakula kwa kuandikiwa: mchele, dengu, mafuta ya kupimiwa, samaki wa chumvi, na tot ya ramu jioni. Na Mchina mwenyewe alikuwa anadaiwa na wauzaji wa jumla wa mji mkuu, Port Louis, mara nyingi ndugu au mtu wa kwao, ndo hao hao waliomwitia mpwa kutoka China aje auze dukani kwa chakula na pa kulala mpaka na yeye afungue lake. Si kwamba walikuwa malaika, mtu ukishadaiwa duka moja huwezi kwenda lingine hata kama bei iko chini.

Na familia ilikuwa inaishi nyuma ya duka. Mtoto katoka shule anafunga sukari kwenye karatasi, kakaa kula usiku mteja anagonga anataka kiberiti, anainuka kijiko kikiwa mkononi. Mumeo huenda kakulia hivyo na hana hamu hata ya kuliona hilo kaunta. Muulize hilo, usimuulize bei ya kiwanja. Kutaka kuuza si dhambi jamani, supamaketi zimeshakula biashara hiyo, na wazee wengi wa maduka hayo walisomesha watoto wakawa wahasibu na madaktari, wengine wako Kanada hawarudi. Inawezekana na mzee mwenyewe amechoka ila anasubiri aulizwe na mwanae, sio na mkwe.

Kwa hiyo mwambie mumeo, "Nitakusindikiza nikae pembeni yako, lakini mdomo ni wako." Akikataa, basi liache.

Madaftari yasichomwe, sio yake na sio yako. Tena usipige picha ukarusha Fesibuku, mle kuna majina ya babu za majirani zako na walichokunywa. Mpelekee mzee moja, kaa naye dukani mchana wateja wakipungua, muulize nani alilipa na nani alisamehewa, na baba yake aliandikwaje jina alipofika, maana kule Wachina wengi jina zima la babu ndo liligeuka la ukoo. Washa simu urekodi, ila muombe ruhusa kwanza. Na watoto wawepo, Krioli, lugha ya mtaani ya huko, wanaijua kuliko wewe.