Maji ya Kunde Hayauzwi kwenye Tyubu

Kamwene. Maswali yenu ya uchoraji safari hii karibu yote yameegemea upande mmoja: rangi ya ngozi, na namna ya kuipata kwa rangi za udongo, zile za dukani na zile tunazozikanyaga kila siku. Mengine nimeyafupisha, msinune.

Shikamoo mwalimu. Nimemchora mama mara tatu kwa akriliki, kila mara anatoka kama kapakwa majivu. Natumia kahawia, nikitaka mwanga naongeza nyeupe, nikitaka kivuli naongeza nyeusi. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Mafinga)

Marahaba. Umeteleza palepale nilipoteleza mimi. Miaka ile ya mwanzo nilichora bibi harusi kwa oda, nikaipeleka picha kifua mbele. Shangazi yake akaitazama kitambo, akauliza kwa upole kabisa, "Huyu ameshafariki?" Nilirudi nayo nyumbani nimeifunga kwenye kanga.

Nyeupe ya titani, ambayo ndiyo tunayouziwa mara nyingi, ina nguvu nyingi na ni baridi. Kahawia ikikutana nayo inapoteza wekundu na unjano wake, inabaki kama uji wa ulezi uliolala. Nyeusi nayo ikiguswa na nyeupe inatoa kijivu kinachovuta kwenye bluu. Sasa weka hivyo viwili kwenye uso mmoja: majivu umeyatengeneza mwenyewe.

Badilisha njia. Ukitoka kwenye kahawia kwenda kwenye mwanga, pitia kwanza oka ya njano, ile rangi ya udongo wa njano. Nyeupe ije mwisho, tena ncha ya kisu. Ukienda kwenye kivuli, chukua umbra ya kuchoma, ile kahawia iliyokolea, na bluu ya ultramarini. Giza la hizo mbili unaweza kuliongoza: bluu ikizidi linapoa, umbra ikizidi linapata joto.

Lakini kuna jambo ambalo Kiswahili kilishalisema kabla yangu. Mtu ambaye si mweusi sana wala si mweupe tunamwita maji ya kunde. Si kunde, ni maji yake. Chemsha kunde, mimina yale maji kwenye bakuli jeupe, lisogeze dirishani. Ukingoni, ambako maji ni machache, utaona kitu kinachokaribiana na chai ya rangi. Katikati, kwenye kina, kuna wekundu mzito unaoelekea zambarau. Maji ni yaleyale, kilichobadilika ni kina. Ngozi nayo iko hivyo: mwanga unaingia, unapita kwenye melanini, ile rangi ya asili iliyomo ngozini, unakutana na damu, ndipo unarudi machoni kwako. Ndiyo maana mchanganyiko mmoja uliopakwa uso mzima, hata uwe sahihi namna gani, unafanana na kinyago.

Kwa hiyo tandika kwanza siena ya kuchoma, ile kahawia yenye wekundu, nyembamba, uso wote, uiache ikauke. Juu yake pitisha tabaka nyepesi: oka kwenye paji, umbra chini ya taya na pembeni mwa pua, siena tena mashavuni. Mahali pengine usipake kitu, iache ile ya chini ichungulie. Wachoraji wa Italia wa zama za kati walitandika udongo wa kijani chini ya nyuso za waridi, na nyingi kati ya nyuso hizo leo zinaonekana za kijani kwa sababu tabaka la juu limechakaa. Kwa mama yako wa Mafinga, cha kutandika chini ni rangi ya tofali.

Mwalimu, huku kwetu udongo ni mwekundu kila unapogeuka. Siwezi kuutumia huohuo badala ya kununua? (Msomaji, Tukuyu)

Unaweza, na ningependa wengi wajaribu. Oka, siena na umbra ni udongo tu wenye madini ya chuma. Siena imepata jina kutoka mji wa Siena kule Italia, kama ambavyo sisi tungeweza kuita rangi Tukuyu na hakuna ambaye angebisha. Ukifika Igeleke, nje kidogo ya mji wa Iringa, utaona michoro myekundu kwenye mwamba iliyochorwa kwa rangi ya namna hiyo, na bado ipo. Udongo wa chuma haupaushwi na jua.

Ila usichote ule mweusi wa kwenye migomba. Weusi ule ni mboji, na mboji si rangi, inaoza. Tafuta kingo za barabara zilizokatwa, au shimo la choo linalochimbwa, chini ya ile sehemu yenye mizizi. Na tafadhali, asije mtu akaniambia amekwangua nguzo za udongo za Isimila, kule Iringa. Pale ni mahali pa kumbukumbu, na udongo uko kila mahali.

Utwange, utie kwenye ndoo ya maji, ukoroge kwa nguvu, hesabu mpaka thelathini. Mchanga utazama. Yale maji ya tope yaliyobaki juu yamimine kwenye chombo cha pili, yaache mpaka kesho. Mwaga maji safi ya juu. Uji laini uliobaki chini ndio unaoutaka. Uanike kwenye sinia, kisha usage juu ya kipande cha kioo kwa jiwe lenye uso bapa. Sugua kati ya vidole: ukisikia chengachenga, rudi kwenye ndoo. Wakati wa kusaga ukiwa mkavu vaa barakoa, maana vumbi lake lina mchanga laini usiofaa kwenye mapafu.

Sasa sehemu ninayoipenda. Umewahi kutazama tofali kabla na baada ya tanuru? Linaingia la manjano au la kahawia, linatoka jekundu. Udongo wa njano una maji yaliyofungwa ndani ya madini yake ya chuma. Moto ukiyafukuza, manjano inageuka nyekundu. Joto la nyuzi 250 hadi 300 linatosha kuanza kazi hiyo, kwa hiyo huhitaji tanuru. Weka unga wako wa njano kwenye mfuniko wa bati juu ya jiko la mkaa, koroga kwa kijiko, na kila baada ya dakika chache toa kiasi kidogo uweke pembeni kwenye karatasi. Mwishoni utakuwa na mstari wa vijilima, kutoka njano, rangi ya chungwa iliyofifia, mpaka nyekundu ya tofali. Mimi wangu ulitoa saba kutoka kopo moja la udongo, na kati ya hivyo saba kulikuwa na shavu, sikio na shingo ya karibu kila mtu ninayemfahamu Kihesa, Iringa.

Sasa cha kuushikisha unga huo. Kwa picha ya kuuza haraka: kiini cha yai, matone kadhaa ya maji, changanya na unga. Paka kwenye ubao, si kwenye kitambaa, maana yai likikauka ni gumu na kitambaa kikikunjwa linapasuka. Kwa mazoezi gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji inatosha, ila picha ya kumuuzia mtu usiifanye nayo. Huwa inageuka njano.

Nina hela ya tyubu tano tu. Ninunue zipi? (Fundi wa mabango, Makambako)

Nyeupe, oka ya njano, siena ya kuchoma, umbra ya kuchoma, bluu ya ultramarini. Kahawia ya "rangi ya ngozi" iliyotengenezwa tayari iache dukani. Ngozi hiyo ni ya nani?

Ukiwa na hela ya nne, bado unafika. Msweden Anders Zorn, aliyefariki mwaka 1920, anajulikana kwa kuchora watu kwa rangi nne: nyeupe, oka ya njano, nyekundu kali na nyeusi. Bluu hakuwa nayo hapo. Nyeusi yake ikikaa jirani na rangi za joto ilionekana ya bluu. Ndiyo sababu sikumwambia yule mwanafunzi wa Mafinga aitupe nyeusi. Nyeusi na oka zinakupa kijani cha zeituni, na kijani hicho ni dawa ya uso uliozidi wekundu.

Oksaidi ya kupakia sakafu, ile ya unga ya duka la vifaa vya ujenzi, inafaa? Na rangi ya mafuta ya makopo? (Mbalizi)

Oksaidi ndiyo, kwa mazoezi na picha kubwa. Ni oksaidi ya chuma iliyotengenezwa kiwandani, ndugu wa ule udongo wa Tukuyu. Ina nguvu mno; anza na ukubwa wa punje ya mchele. Hakikisha muuzaji hajaichanganya na saruji.

Rangi ya mafuta ya makopo ni habari nyingine. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza nayo Dar es Salaam mwaka 1968 na dunia ikamwelewa, lakini yeye hakuwa akitafuta ngozi inayopumua. Inang'aa yote sawasawa na inakauka kabla hujamaliza kulainisha shavu.

Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) ni ghali na alizeti tunakamua wenyewe. Naweza kusagia rangi kwa mafuta ya alizeti? (Iringa Vijijini)

Swali zuri, nimelijaribu. Alizeti inakauka, tofauti na mawese ambayo hayakauki kabisa, lakini inakauka kwa kujivuta, hasa Juni na Julai kwenye baridi letu. Nilisagia oka kwa mafuta ya kukamua ya sokoni, na wiki ya tano kidole kilikuwa bado kinanata. Inzi wawili walibaki kwenye paji la mzee na wamo mpaka leo.

Ukikosa kingine, paka nyembamba kama unapaka mafuta mwilini, weka mahali penye mwanga na hewa, funika vumbi lisiingie. Umbra itakutangulia kukauka kwa sababu ya madini ya manganizi yaliyomo. Nyeusi itakuwa ya mwisho. Kwa hiyo usiweke umbra juu ya nyeusi ambayo bado mbichi, itakuja kupasuka. Ila nikiulizwa na mdogo wangu, ningemwambia atumie yai.

Nikimpiga babu picha asubuhi ya ukungu, paji lake linaonyesha bluu. Niichore hiyo bluu au kamera inanidanganya? (Njombe)

Ichore! Kamera haikudanganyi hapo. Ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta inaakisi kilicho juu yake, na asubuhi ya Njombe kilicho juu yake ni mbingu ya kijivu-bluu. Mng'ao ni rangi ya mwanga, si rangi ya babu. Changanya nyeupe, ultramarini kidogo na chembe ya umbra, uweke juu ya paji, kwenye mfupa wa shavu na mgongo wa pua. Viguso vitatu au vinne, uondoke. Babu huyohuyo akikaa jikoni karibu na moto, mng'ao huo utakuwa wa oka na siena, na bluu itahamia upande wa mlangoni.

Tazama pia sehemu ambazo wengi wanazipitia harakaharaka. Ncha za masikio zikipigwa jua kwa nyuma zinawaka nyekundu. Mdomo wa juu mara nyingi ni mweusi kuliko wa chini. Viganja si vya waridi tupu: vina oka ndani yake, na ile mistari ya kiganja ni ya siena. Weupe wa macho usiupake nyeupe hata siku moja. Weka kijivu chenye joto, la sivyo babu atakuwa ameshtuka.

Binti yangu ana ualbino. Nikimchora anatoka kama mtoto wa Kizungu. (Baba, Kyela)

Kaka, punguza waridi. Nadhani umechukua nyekundu na nyeupe ukaishia hapo. Anza na nyeupe na oka, ndipo uguse siena kidogo sana, na kivuli kitokane na oka yenye chembe ya nyeusi. Nywele zake ni oka na umbra mbichi, si dhahabu. Kama ana madoa ya jua, yaweke, ni yake. Na kama huwa anavaa kofia pana, mchore nayo: kivuli cha kofia kitakupa nusu ya uso iliyopoa na kidevu kilichopata mwanga kutoka kwenye nguo, na sura itatoka humo. Pua, midomo na paji ndivyo vinavyosema ni mtoto wa nani, kwa hiyo mchoro wa penseli uukamilishe kabla hujafungua rangi.

Wateja wananiambia "nitoe mweupe kidogo." Nifanyeje? (Mwanjelwa)

Usibadilishe ngozi, badilisha ukuta. Paka nyuma yake rangi yenye giza kuliko uso, umbra na ultramarini, na uso utaonekana umenawiri bila wewe kuugusa. Wangu wengi wameondoka wameridhika. Mmoja alitaka aongezewe na nywele.

Rangi nikiichanganya inafanana kabisa na ngozi, ikikauka imekuwa nyeusi zaidi. (Mwanafunzi, Uyole)

Ni akriliki hiyo. Gundi yake ikiwa mbichi ni kama maziwa, ikikauka inakuwa kama kioo, basi rangi inashuka giza. Rangi za maji zinafanya kinyume, zinapauka. Changanya hatua moja angavu kuliko unavyotaka, paka alama ndogo kwenye ukingo wa kanvasi, nenda kanywe chai. Ukirudi ndipo uamue.