Kabla hujakata kope, nisikize kidogo

Kwa miaka kama mitano watu walikuwa wananiuliza swali moja tu, "hukulala?" Ofisini hivo, kwa chama hivo, hadi soja wa geti yetu ambaye tunapeana tu salamu siku moja akaniambia "pole mama, kutakuwa sawa." Na mimi nimelala masaa nane, nimekunywa chai yangu, sina deni la mtu. Shida ilikuwa kope. Niko na miaka 51 na ngozi ya kope za juu ilikuwa imeteremka ikajikunja juu ya nyingine, yaani nikipaka wanja saa mbili asubuhi nikitoka nyumbani, nikifika tao saa nne umeshajipiga chapa pale juu kama muhuri wa chifu.

Nilifanya oparesheni mwaka jana, kope za juu peke yake, na tangu dada yangu aropoke kwa grupu ya familia kila wiki kuna mtu ananitumia meseji kando akiuliza niliendea wapi, iliuma aje, ni pesa ngapi. Wacha niandike mara moja niwache kurudia. Mimi si daktari, nafanya hesabu za watu, lakini kuna kitu ningeambiwa mapema ningeokoa pesa: uso kuonekana umechoka una sababu nyingi, na kisu kinatibu moja au mbili tu.

Mahali pa kwanza nilienda sitataja. Kulikuwa na viti vizuri na maji ya kunywa yako na limau ndani, msichana akanipiga picha na simu, akanionyesha nitakavyokaa, akaniambia nahitaji kope zote nne na ofa inaisha Ijumaa. Hakuna mtu alinigusa uso. Hakuna aliyeuliza kama niko na presha. Na mimi na umri wangu wote nikatuma deposi kwa simu palepale, hiyo pesa sijawahi kuiona tena, wacha tu.

Daktari wa pili aliniambia nije na picha zangu za zamani. Nikapeleka ile ya nikiwa 24, akaiweka kando ya uso wangu akaangalia mara mbili tatu, akasema "mama, hizi kope nzito ulizaliwa nazo, hizi ni za baba yako ama za mama?" Za baba, kweli kabisa, baba alikuwa na hayo macho hadi tukamzika. Kwa hivyo akaniambia tusijaribu kutengeneza macho ambayo sijawahi kuwa nayo, tutoe tu ile ngozi imeongezeka na miaka. Hapo ndipo nilimwamini.

Alafu akaanza kupima. Akainua nyusi zangu na kidole aone kama shida iko kwa kope ama ni nyusi ndizo zimeshuka zikasukuma ngozi chini, maana kama ni nyusi, kukata kope hakutasaidia vile unafikiria, unaweza hata kuonekana umekasirika. Akaangalia ukingo wa kope umekaa wapi kwa mboni, kwa sababu kuna watu ngozi yao iko sawa lakini ule msuli wa kuinua kope ndio umelegea, hiyo ni oparesheni tofauti. (Na kama kope moja imeanguka ghafla tu, leo na jana haikuwa, usitafute mtu wa urembo, kimbia hospitali, hasa kama kichwa kinauma ama unaona vitu viwili viwili.) Akanitoa damu ya kupima tezi ya shingo, kumbe hiyo tezi ikiwa na shida inaweza kufurisha macho. Akaniwekea vikaratasi vyembamba ndani ya kope za chini dakika tano kuona kama nina machozi ya kutosha. Mtu mwenye macho makavu akikatwa kope anaweza kujuta sana, jicho likikosa kufunga vizuri usiku linakauka zaidi.

Na hizo kope za chini nilikuwa nimeuziwa? Akaniambia ile mifuko yangu ya chini ni kidogo sana, ninayoiona kwa kioo kwa kweli ni weusi wa ngozi, na weusi huwezi kuukata. Mifuko ya ukweli ni mafuta yaliyo karibu na jicho, ule utando unaoyazuia ukizeeka yanasukumana mbele, hayo ndiyo yanatolewa ama yanapangwa upya. Lakini kama yako inafura asubuhi na jioni imeshuka, angalia kwanza aleji, chumvi, na upimwe figo. Hapo akajinyima pesa yangu mwenyewe.

Wengi wenu mnauliza kuhusu kovu. Mimi nina kiloidi kwa sikio, kubwa kama njugu, tangu nitoboe nikiwa shule, kwa hivyo nilikuwa naogopa kuliko nyinyi. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini na kiloidi hapo ni nadra hata kwa mtu anayezipata kwingine, lakini mwambie daktari, usimfiche. Mshono unakaa ndani ya ule mkunjo wa kope. Wangu ulikuwa mweusi kidogo miezi mitatu hivi, nikavaa miwani ya jua, ukaisha.

Siku yenyewe sasa. Kwanza ilibidi isogezwe siku kumi kwa sababu nilikuwa nimemeza Brufen ya goti wiki hiyo, nikasahau kabisa kwamba nimeambiwa nisimeze. Hizo dawa zinafanya damu isigande haraka, pamoja na aspirini, na hata tembe za mafuta ya samaki na za kitunguu saumu, kwa hivyo orodhesha kila kitu unachomeza. Ila kama ulipewa dawa ya kuzuia damu kuganda na daktari wa moyo usiiache kivyako, hao madaktari wawili waongee.

Alinichora na kalamu nikiwa nimekaa, maana ukilala ngozi inahama. Nikamwambia "toa yote daktari, sitaki kurudi." Akacheka, akanionyesha kwa rula, kati ya nyusi na ukingo wa kope lazima kubaki ngozi kama sentimita 2, ukitoa zaidi jicho halifungi. Sindano za ganzi zinauma, sitakudanganya, zinachoma na machozi yanatoka yenyewe. Baada ya hapo hakuna uchungu, unasikia tu kuvutwavutwa, na kuna wakati wanachoma vimishipa damu isitoke, harufu yake ni ya nywele kwa chanuo la moto, ile ya saluni zetu za zamani. Niliambiwa nifungue macho, nifunge, nifungue. Saa moja tumemaliza, kijana wangu akanirudisha nyumbani.

Nililala nimeinua kichwa na mito mitatu, na siku mbili za kwanza kuweka baridi, dakika kumi hivi napumzika narudia. Barafu ilikuwa ngumu nikatumia pakiti ya minji iliyogandishwa nikaifunga na leso safi, hiyo inakaa vizuri kwa jicho. Usiku wa kwanza uwe na namba ya daktari inayoshikwa, ya daktari, si ya risepsheni. Jicho moja likianza kuuma vibaya, lifure litoke nje, ama uone giza giza, hiyo haingoji asubuhi, damu ikijaa nyuma ya jicho unaweza kupofuka. Ni nadra sana lakini ndiyo sababu huwezi kufanyiwa hii kitu kwa saluni. Na jina la daktari uliangalie kwa tovuti ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya, kabla hujatuma shilingi, unaona kama amesajiliwa na leseni yake ya mwaka huu iko.

Nyuzi zilitolewa siku ya sita. Siku ya nane nikajiona nimepona nikaenda ushago matangani, nikainama kwa moshi wa kuni kusaidia kuepua sufuria ya wali, jioni jicho la kushoto limefura upya kama nimeumwa na nyuki. Daktari hakunigombeza, alininyamazia, ni mbaya zaidi. Jipe wiki mbili za kukaa, na usijihukumu kwa kioo kabla ya miezi michache.

Pesa, nililipa karibu bei ya boda mpya, na bima yangu ilikataa kwa sababu ni urembo. Uliza kama hiyo bei iko na chumba cha oparesheni, dawa na kurudi kuonwa, kuna wenye wanakutajia nusu.

Ofisini hakuna aliyejua. Waliniuliza kama nimepunguza kilo. Shida ilikuwa mtaani, kwa sababu siku ya nne nilitoka kununua sukuma na macho ya zambarau, miwani ikateleza nikiinama kuchagua nyanya, na mama mboga akaniona. Hakusema kitu. Alifunga mboga, akanishika mkono, akaninong'oneza kuna dada yake ana nyumba ya kupangisha, naweza kuhamia hata leo usiku. Nilimweleza ukweli wote akaitikia tu "sawa mama, sawa," ile sawa ya mtu ambaye hajaamini. Mpaka leo mzee wangu akipita hapo hasalimiwi, na mimi naongezewa dania ya bure.