Kwa nini mishipa ya ubongo ipigwe picha tena katikati ya upasuaji?

SWALI: Asalaam alaykum, dokta. Shangazi yangu wa Wete ana uvimbe kwenye mshipa wa damu wa ubongo na amepangiwa upasuaji wa kuubana kwa klipu. CT ya mishipa alikwishapigwa, lakini tumeelezwa kuwa kichwa kikiwa wazi atachomwa dawa ya kijani ili mishipa ipigwe picha tena. Kuna haja gani? Isitoshe, akila kamba humwasha mwili mzima, na kwenye faili lake pameandikwa kuwa ana aleji ya ayodini.

JIBU: Waalaykumu salaam. CT ile ilionesha uvimbe uko wapi, una ukubwa gani na shingo yake, yaani pale unapoungana na mshipa, imeelekea upande gani. Haikuweza kuonesha kitakachotokea baada ya klipu kubana, kwa kuwa klipu haikuwapo: je, uvimbe umezibika wote, na je, mshipa wenyewe pamoja na vijitawi vyake bado unapitisha damu? Hata chini ya darubini, mshipa huweza kuonekana mzima kwa nje ilhali ndani damu haipiti, na kijitawi kisichofika unene wa milimita moja huweza kunasa kwenye taya za klipu upande ambao daktari haoni. Tatizo hilo likigundulika palepale, klipu hufunguliwa ikapangwa upya. Likigundulika kesho yake, mgonjwa anaposhindwa kuinua mkono, sehemu ya ubongo huwa imekwisha kufa.

Dawa aliyotajiwa huitwa indosianini. Daktari wa usingizi huichoma kwenye mshipa wa mkono, kwa kawaida miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito. Darubini humulika mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, na kamera yake hunasa mng'ao unaotolewa na dawa iliyomo ndani ya damu. Taa za chumba hupunguzwa, na baada ya muda mfupi skrini iliyokuwa nyeusi huanza kung'aa: ateri zinazoleta damu kwanza, kisha vena zinazoirudisha. Uvimbe uliobanwa sawasawa hubaki mweusi katikati ya mishipa inayong'aa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni huweza kushuka kidogo kwa muda, kwa sababu rangi hiyo hukipotosha, wala si kwamba mgonjwa amekosa hewa.

Njia hii, iliyoanza kuripotiwa katika upasuaji wa ubongo mwaka 2003, ina upungufu wake. Kamera huona kile tu ambacho darubini inakiona. Mshipa uliofichwa na damu, na ubongo au na klipu yenyewe hauonekani, na ukuta mnene wenye chokaa huzuia mng'ao. Ndiyo maana madaktari wengi hugusisha pia kijiti cha Dopla juu ya mshipa na kusikiliza mwendo wa damu. Kipimo kinachoaminika zaidi bado ni cha kupitisha katheta (mrija mwembamba) kwenye kinena au mkono na kupiga eksirei, lakini si kila chumba cha upasuaji kina mashine hiyo, na katika upasuaji wa uti wa mgongo, mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, kinena hakifikiki kirahisi.

Ama kuhusu kamba, naona mambo mawili yamechanganywa, na hutokea sana kwetu watu wa pwani. Anayewashwa akila kamba au kaa kwa kawaida hukataliwa na protini ya nyama yake, si ayodini. Hata hivyo indosianini huwa na ayodaidi (aina ya ayodini) kidogo ndani yake, kwa hiyo msilifute neno hilo failini wenyewe. Mwelezeni daktari wa usingizi kwa kinaganaga: alikula nini, mwili ulimwasha baada ya muda gani, alivimba uso au alibanwa pumzi, na je, ile dawa ya CT, ambayo nayo ina ayodini, ilimdhuru? Kama alichomwa dawa ya CT bila taabu yoyote, hiyo ni habari muhimu kwake. Akiona hatari ipo, anaweza kushauriana na mpasuaji watumie fluoresini, dawa nyingine ya kung'arisha mishipa, ambayo haina ayodini ingawa nayo ina aleji zake, na huacha ngozi na mkojo vikiwa vya manjano kwa muda. Indosianini husafishwa na ini na kutoka kwa nyongo, kwa hiyo mtajeni pia ugonjwa wowote wa ini aliowahi kuugua.