Kwa mnaoanza kutibu mikono: msikimbilie kupima, ulizeni kwanza

Habari zenu mnaoanza fildi na intani kwenye vitengo vya tiba kazi na fizio. Nimekaa na mikono ya watu miaka mingi sasa, na kila nikipokea kundi jipya narudia maneno yaleyale mpaka najisikia kama redio, kwa hiyo safari hii nimeamua niyaandike, anayetaka asome.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa mgeni kazini kama nyinyi nilipewa mzee mmoja aliyevunjika mfupa wa mkono karibu na kifundo, ndo ametoka kufunguliwa hogo (ile plasta ngumu ya kufungia mfupa), vidole vimekakamaa kama kuni. Nikatoa goniometa yangu mpya kabisa, kile kifaa cha kupima kiungo kinakunjika digrii ngapi, nikapima kila kiungo, wiki nne nzima napima naandika, digrii zinapanda, mimi nafurahi, msimamizi wangu nae anafurahi. Siku moja natoka chumbani namkuta mzee kasimama pembeni ya mlango wa choo, kashikilia suruali kwa mkono mmoja, anamsubiri mwanae. Nikadhani anaumwa. Kumbe zipu na kifungo cha suruali ndo vimemshinda, na wiki zote zile yule kijana alikuwa anaacha shughuli zake kuja nae kliniki kwa ajili ya hiyo zipu tu. Mimi sikuuliza, na mzee asingeanza mwenyewe kunieleza habari za zipu, mimi ni sawa na mjukuu wake.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni moja: tangu umeamka leo mpaka umefika hapa, mkono umekataa kufanya nini? Alafu nakaa kimya. Akisema "mambo mengi tu" namtembeza saa kwa saa, kuamka, kusukuma shuka, mswaki, kukamua dawa ya meno, kuoga mgongo, kuvaa, kufungua mlango kwa ufunguo, simu. Kuna vitu mtu hakwambii mpaka umtajie wewe, na utaje kwa sauti ya kawaida kama unauliza saa: kujisafisha chooni, kufunga sidiria, kukata kucha za mkono mzima (maana kucha za mkono mgonjwa anazikata kwa mkono mzima, shida ni upande wa pili), kula mbele za watu chakula kinamdondoka, kumbeba mtoto. Wengine wameacha hata kwenda kwenye sherehe kwa sababu ya kijiko tu.

Sasa kuna hili la lugha yetu, na hili vitabu vya wenzetu hawatawaambia. Mgonjwa akisema "mkono unauma" hujajua kitu bado, maana kwetu mkono unaanza begani unaishia kwenye ncha za vidole, na kiwiko kuna watu kwao ni huku katikati pa kukunjia na wengine kwao ni pale pa kuvalia saa. Mwambie aoneshe kwa kidole kimoja. Akikuzungushia kiganja kizima ujue hajui panapouma, nayo ni habari. Na "ganzi" pia uliza, vidole gani? Mtu anayeamka usiku anakung'uta mkono, ganzi imeshika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, ila kidole cha mwisho kiko salama, huyo fikiria mshipa wa fahamu wa kati unabanwa pale kwenye kifundo, na mara nyingi splinti (kishikizo kigumu cha kuvalia mkono) ya kulala nayo iliyonyoosha kifundo inampa nafuu. Ganzi ikiwa ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete nenda kaangalie kiwiko, kile cha kukunjia, muulize analalaje na anashikaje simu.

Baada ya hapo ndo mpime, sijasema msipime. Mkono kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole una mifupa 27, na misuli mingi inayokunja na kunyoosha vidole haipo kwenye kiganja, iko juu huku kwenye mkono wa chini ya kiwiko, kumbatia mkono wako sasa hivi alafu fumba ngumi utaisikia inavyocheza. Kuna daktari anaitwa Napier aliandika mwaka 1956 kwamba mshiko wa binadamu uko wa aina mbili, wa nguvu na wa ufundi, yaani kushika nyundo na kushika sindano, na mpaka leo sijapata maelezo yanayonisaidia kazini kuliko hayo. Daynamomita, kile kifaa cha kuminya kupima nguvu, inakupa ule wa nguvu peke yake (kiwiko kikunjwe digrii 90, apime mara tatu uchukue wastani, na usimshangilie mmoja ukamnyamazia mwingine maana namba zinabadilika). Ila mtu anaweza kukuminyia daynamomita vizuri kabisa alafu akashindwa kuokota sarafu mezani. Kwa hiyo kwenye droo yangu nina shati la vifungo, kufuli na ufunguo wake, chupa yenye kizibo cha kuzungusha, sarafu na taulo la kukamua. Dakika 5 za kumwangalia mtu anapambana na lile shati zinanionesha gumba linakimbilia wapi, bega linapanda kiasi gani, anakodolea macho kidole kwa sababu hakisikii au anaumwa tu na hasemi.

Tuje kwenye uvimbe, hapa nakaa kidogo maana ndo mnapopaharibu. Uvimbe kwenye mkono sio wa kusubiri uishe wenyewe, yale maji ukiyaacha wiki kadhaa yanageuka kama gundi, vidole vinashikana na mtu aliyevunjika kifundo anaishia kuwa na kidole kisichofika kwenye kiganja wakati kidole hakikuvunjika hata kidogo. Mkono ukae juu kuliko moyo, sio kuning'inia kwenye kitambaa cha shingoni siku nzima, na vidole vilivyo nje ya hogo vichezwe kila saa anayokuwa macho, pamoja na kiwiko na bega. Bega linasahaulika sana jamani, mtu anakuja na mfupa wa kifundo umepona vizuri lakini hawezi kujikuna kisogoni. Na ukitengeneza splinti ya kupumzisha mkono uliovimba, vifundo vya mzizi wa vidole vikunjwe digrii 70 mpaka 90, vile vya mbele vinyooke, kifundo cha mkono kielekee nyuma kidogo. Wengi wenu mnaweka mkono ulivyojilaza wenyewe kwa sababu mgonjwa anasikia raha. Raha hiyo hasa kwa mgonjwa wa moto ndo inayomkunja mkono moja kwa moja, mishipi ya viungo (zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa) inafupika katika mkao uliouacha.

Kitu kingine kampira. Sijui nani aliwaroga watu na kampira ka kuminya, kila mwenye shida ya mkono anaambiwa nenda kaminye mpira, jirani kamwambia, shemeji kamwambia, na intani nae anamwambia. Aliyeshonwa kano za kukunja vidole (zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa) akiminya mpira wiki za mwanzo anaweza kuikata kano, pale kano bado laini kabisa, fuata mpango wa daktari aliyeshona na kazi nzito mara nyingi zinasubiri mpaka kama wiki ya 12. Mgonjwa wa kiharusi ambae vidole vimejifumba, shida yake sio kufumba, ni kufumbua, sasa unamfundisha nini na mpira? Huyo mpe kazi za kuachia, kuweka kikombe mezani na kukiacha, kufungua kiganja kufuta meza kwa kitambaa. Na kama kifundo na vidole vinanyooka walau kidogo, ipo njia aliyoanzisha Edward Taub huko Marekani ya kuuvalisha mkono mzima glavu nene ili ule mdhaifu ulazimike kufanya kazi, inachosha kweli na inataka mtu mwenye moyo, msimpe kila mtu. Ila usimvute huyo mgonjwa kwa mkono ule uliolegea ukimnyanyua kitandani, bega linachomoka, na waambie na ndugu zake pia maana wao ndo wanaomnyanyua usiku.

Mkono usiosikia ni habari nyingine tena. Mishipa ya fahamu ikikatika na kushonwa inaota taratibu, kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati ambako ni kama sentimita 18 unazungumzia miezi 6 hivi, na mara nyingi zaidi. Mwambie mgonjwa ukweli huo siku ya kwanza, usimpe matumaini ya wiki mbili alafu akaacha kuja. Kwa kipindi chote hicho macho yake ndo ngozi yake, joto la maji apime kwa mkono mwingine, sufuria ashike kwa kitambaa kinene, na kila jioni akague kiganja chake kama ana lengelenge. Nimeshaona mtu ameungua akagundua kwa harufu. Wenye ukoma na wenye kisukari kilichokula mishipa ya fahamu maelezo ni hayohayo.

Wenye baridi yabisi msiwachoshe na mazoezi ya nguvu viungo vikiwa vya moto. Hao wafundisheni kubeba kwa mkono wa chini badala ya vidole, kushika chungu kwa mikono miwili, kunenepesha mpini wa kijiko na kalamu kwa sponji na gundi ya kuzungushia. Intani mmoja aliniambia kumpa mtu kijiko cha mpini mnene ni kukata tamaa juu ya mkono wake. Nikamuuliza na wewe miwani yako?

Mazoezi ya nyumbani mpeni matatu, sio kumi na mbili yaliyochapwa karatasi nzima. Yafungeni kwenye kazi ambazo anazifanya hata hivyo, akipiga mswaki asubuhi akunje vidole mara kumi, akikaa kusubiri chakula aguse kila kidole kwa gumba. Mara nyingi kidogokidogo inashinda mara moja kwa kukomoana mpaka mkono uvimbe usiku, na ukivimba usiku au ukauma mpaka kesho yake ujue mmezidisha, punguzeni. Alafu ongeeni na anayemhudumia, maana nusu ya vita iko pale, mtu anampenda mwenzie anamfungia vifungo vyote kwa upendo na mkono unazidi kulala. Yule mzee wa zipu tulikubaliana na mwanae awe anageuka ukutani anahesabu mpaka mia kabla hajasaidia. Siku ya tatu yule kijana aliniambia mzee amemaliza kwenye themanini na kitu akawa anamsema yeye kwa kuhesabu polepole.

La mwisho, mkono unaokuja vidole vimebadilika rangi au vya baridi ndani ya hogo, maumivu makali yasiyolingana na jeraha na yanazidi ukinyoosha vidole, ganzi mpya inayopanda, usaha, au mkono umevimba unang'aa unatoka jasho na hataki hata shuka liuguse, hao usianze nao mazoezi wala kuchua. Nenda kamuite daktari sasa hivi, goniometa iache mezani.